Kulisindikiza Gari kwa Kamera: Namba Ipi ya Shata Inafaa Lubumbashi?

Anayetaka kujifunza kupiga picha za magari yaendayo kasi mjini Lubumbashi hukutana na ushauri usiopatana. Mmoja humwambia aweke shata kwenye 1/1000 ya sekunde, la sivyo gari litatoka na ukungu. Wa pili huapa kwa 1/200, kwa kuwa ndivyo wafanyavyo wapiga picha wa mbio za magari. Wa tatu humshusha hadi 1/30 na kumhimiza avumilie. Wa nne humwambia asijisumbue: apige kawaida, michirizi ataiongeza baadaye kwa programu ya simu. Mwanafunzi hujaribu yote kwa siku moja kando ya barabara ya Kasenga, hurudi nyumbani na mamia ya picha mbovu, na huamua kwamba kamera yake ndiyo duni.

Mara nyingi anaionea kamera. Kila mmoja wa washauri hao ana ukweli wake, ila kila mmoja amesimama kando ya barabara yake na anazungumzia gari lake. Makala haya yanaeleza mbinu yenyewe, yanapima hoja za kila upande, kisha yanatafuta kipimo kimoja ambacho mwanafunzi wa Lubumbashi anaweza kutoka nacho nyumbani bila kumuuliza mtu.

Mbinu yenyewe na asili yake

Wapiga picha wa Kongo waliojifunza kazi kwa Kifaransa huiita filé. Wenzao wa Nairobi na Dar es Salaam husema paningi. Kiswahili kina neno linaloieleza vizuri: kusindikiza. Mwenyeji anayemsindikiza mgeni hutembea kwa mwendo wa mgeni, wala hamwachi kizingitini. Ndivyo inavyotakiwa kamera. Inalipokea gari likiwa bado mbali, inageuka nalo kwa mwendo wake, shata inafunguka na kufunga njiani, na kamera inaendelea kulifuata hata baada ya picha kunaswa. Kwa kuwa kamera na gari vimekwenda pamoja, gari linatulia ndani ya fremu, na kila kilichosimama, iwe ukuta, mti au mlingoti wa umeme, kinavutwa kuwa mchirizi.

Umri wa mbinu hii unakaribia umri wa mbio za magari. Mfaransa Jacques Henri Lartigue, aliyezaliwa 1894, alipiga akiwa kijana picha ya gari la mashindano ambayo kwa miaka mingi iliandikwa kuwa ya 1912. Gurudumu lake limekuwa yai lililoinamia mbele, na watazamaji waliosimama kando wameinamia nyuma. Sababu ni ya kimakanika: kamera ile ilisoma picha kwa ufa mwembamba uliopita juu ya kioo kidogo kidogo, na Lartigue aligeuka kwa mwendo uliopungua ule wa gari. Kila ufa uliposogea, gari lilikuwa limemtangulia kidogo na watu wamebaki nyuma kidogo. Baada ya kazi zake kuonyeshwa mwaka 1963 katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, kosa hilo lilikuja kuhesabiwa miongoni mwa picha kubwa za karne. Simu nyingi za leo husoma picha mstari kwa mstari kwa namna ileile, ndiyo maana milingoti huinama mtu anapozizungusha haraka.

Lubumbashi yenyewe si ngeni kwa kamera. Sammy Baloji, aliyezaliwa humo 1978, alikuwa miongoni mwa walioanzisha kituo cha Picha mwaka 2008, na kituo hicho ndicho kilichozaa Bienale ya Lubumbashi. Picha za mji huo zinazojulikana zaidi nje zimetazama vitu vilivyotulia: karakana za kampuni ya madini ya Gécamines, bomba refu la moshi, na mlima mweusi wa mabaki ya kuyeyushia shaba. Kuna Lubumbashi nyingine isiyotulia, ya teksi-basi, pikipiki za abiria, misafara ya arusi na malori yanayoelekea mpakani Kasumbalesa. Hiyo inahitaji ufundi wake.

Kambi nne

Kambi ya kwanza ni ya wanaogandisha. Kwa shata ya 1/1000, gari la kilomita 60 kwa saa husogea chini ya sentimita 2, na kila herufi ya namba ya gari inasomeka. Njia hii ni ya uhakika, haihitaji mazoezi mengi, na inafaa pale ushahidi unapotangulia uzuri, kama katika habari za ajali au katika matangazo ya kuuza gari. Udhaifu wake unaonekana kwenye magurudumu. Gurudumu la gari dogo lina kipenyo cha sentimita 65 hivi, na kwa kilomita 60 kwa saa huzunguka kama mara 8 kwa sekunde. Katika 1/1000 hugeuka digrii 3 tu. Mtazamaji huona gari lililoegeshwa katikati ya barabara, na kasi ambayo mpiga picha aliifuata yote imepotea.

Kambi ya pili ni ya wanaosindikiza kwa tahadhari, kati ya 1/125 na 1/250. Ushauri wao umetoka viwanjani. Safari Rally ya Kenya ilianza 1953, iliingia katika ubingwa wa dunia 1973, ikatoka baada ya 2002 na kurejea 2021 ikiwa na makao Naivasha. Wanaopiga picha pale wanaishi kwa picha hizo, na gari hupita mara moja tu katika wingu la vumbi. Hawawezi kurudi kwa mhariri mikono mitupu. Namba za kati huwapa picha nyingi zinazofaa pamoja na mwendo wa kutosha, kwa sababu magari yao yanakimbia kwelikweli. Anayezichukua namba hizo na kuzileta kwenye foleni ya katikati ya Lubumbashi, ambako teksi-basi linajikokota, hupata picha isiyo na mchirizi wala sababu.

Kambi ya tatu hushuka hadi 1/30, 1/15, hata chini zaidi. Humo ndimo zinamopatikana picha zinazomsimamisha mtu: nyuma ya gari kunakuwa kama rangi iliyopakwa kwa brashi, na gari linaelea. Gharama yake ni nzito. Mtikisiko mdogo wa mkono, hasa wa kwenda juu na chini, unaharibu kila kitu, na katika mamia ya majaribio picha nzuri huwa chache. Ni njia ya mtu mwenye muda, na mwenye barabara ambayo magari hupita tena na tena.

Kambi ya nne humalizia kazi kwenye programu. Hupiga picha iliyoganda, hukata gari, kisha hutia ukungu nyuma yake. Faida yake ni kwamba haihitaji bahati, na mteja wa arusi anapata picha ileile aliyoiagiza. Hasara zake ni mbili. Programu nyingi huacha magurudumu yamesimama huku barabara ikikimbia, na jicho hulihisi kosa hilo hata kama mtazamaji hawezi kulitaja. Pili, katika uandishi wa habari kitendo hicho ni kubadili kilichotokea. Katika mapambo kinavumilika, katika habari hakifai.

Kipimo kinachowapatanisha

Ugomvi wa namba unapungua tukiuliza swali jingine: gari limekwenda umbali gani wakati shata iko wazi? Hesabu yake ni rahisi, na inakaa kichwani. Ukiweka namba ya chini ya shata iwe sawa na kilomita za gari kwa saa, gari litakwenda sentimita 28 daima. Kilomita 60 kwa shata ya 1/60 ni sentimita 28. Kilomita 200 kwa 1/200 ni sentimita 28 zilezile. Teksi-basi la kilomita 30 linataka 1/30, na baiskeli ya kilomita 15 inataka 1/15.

Hapo mshauri wa 1/200 na mshauri wa 1/30 wanakuwa ndugu. Wote wawili wanatafuta mchirizi uleule. Mmoja anatazama gari la mashindano, mwingine anatazama barabara ya mjini. Makosa huanza namba inapohamishwa kutoka barabara moja hadi nyingine bila kasi yake.

Sehemu ya pili ya kipimo ni urefu wa chombo. Mchirizi unaoonekana kwenye picha hutegemea sentimita hizo zikilinganishwa na gari lenyewe ndani ya fremu. Gari dogo la mita 4.5 likienda sentimita 28 limesogea kama sehemu moja ya 16 ya urefu wake, na hiyo inatosha kuanzia. Pikipiki ya mita 2 ikienda hivyo imesogea sehemu moja ya 7, basi mchirizi ni mkali na mpiga picha anaweza kupandisha shata kidogo kwa usalama. Lori la mita 16 lililobeba shaba kuelekea mpakani, kwa sentimita hizohizo, limesogea sehemu isiyofika moja ya 50, na likijaza fremu huonekana kama limesimama. Lori hutaka shata ya polepole mara mbili hadi nne kuliko gari dogo la mwendo uleule.

Jambo la tatu ni umbali wa kusimama. Wengi hudhani lenzi ndefu huongeza mchirizi. Ikiwa gari limejaza fremu kwa kiasi kilekile, mchirizi unabaki uleule kwa lenzi ndefu ukiwa mbali na kwa lenzi fupi ukiwa karibu. Kinachobadilika ni ukali wa gari lenyewe. Ukiwa karibu, pua na mkia wa gari havigeuki mbele yako kwa mwendo mmoja, kwa hiyo sehemu moja tu, labda mlango au taa, hutoka safi. Ukiwa mbali, gari zima hupita likiwa limenyooka na hutoka safi lote. Karibu pana msisimko, mbali pana uhakika. Anayeanza asimame mbali.

Jua, vumbi na mvua

Lubumbashi iko katika mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kiangazi chake, tangu Mei hadi Septemba hivi, kina anga tupu na jua kali. Kwa mbinu hii jua hilo ni kikwazo. Katika jua kamili, kamera iliyowekwa hisia ya mwanga ya ISO 100 na tundu la lenzi f/16 hutaka shata ya 1/125 hivi. Kushuka hadi 1/60 ni lazima ubane tundu hadi f/22, na 1/30 ingetaka f/32, kiwango ambacho lenzi nyingi hazina. Anayejaribu 1/30 saa sita mchana hupata picha nyeupe kama karatasi na hudhani mikono yake ndiyo mibaya.

Kubana tundu kuna gharama mbili zaidi. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo mno hutawanyika, na picha hupoteza ukali. Pia, kila chembe ya vumbi iliyokaa juu ya kihisi cha kamera hujitokeza kama doa jeusi angani. Katika kiangazi cha Katanga, eneo la mji huu, vumbi jekundu linaingia kila mahali, na anayebadilisha lenzi kando ya barabara atayaona madoa hayo jioni ileile.

Njia za kutatua hayo ziko tatu. Ya kwanza ni saa. Asubuhi mapema na jioni mwanga hupungua wenyewe na kutoka ubavuni mwa gari, ingawa magharibi ya ukanda wetu ni fupi na nafasi hiyo haingoji. Ya pili ni kichujio cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi. Kile kinachopunguza mwanga mara 8 kinaruhusu 1/30 kwa f/11 jua likiwa juu, kama wingu la kubeba mfukoni. Ya tatu ni majira. Masika yanapoleta mawingu mazito, mwanga hupungua kwa kiasi kama hicho bila gharama, vumbi hutulia, na barabara yenye maji huongeza mng'ao wa taa chini ya gari. Wengi hufungia kamera mvua zikianza, kumbe ndio msimu wa kazi hii. Na kabla mvua hazijashika, mijakaranda inapochanua mjini, zambarau yake ikivutwa nyuma ya gari hufanya pazia ambalo halinunuliwi.

Kamera kubwa, simu na miguu mitatu

Je, vifaa ni vya lazima? Kamera ya zamani inayokubali kuwekwa shata kwa mkono inatosha. Lenzi yenye kizuia mtikisiko husaidia, ila mpiga picha lazima ajue inavyofanya kazi: katika hali ya kawaida kizuizi hicho kinaweza kupigana na mgeuko wa kamera kikidhani ni mtikisiko. Baadhi ya lenzi zina hali ya pili inayozuia mtikisiko wa juu na chini tu, na hiyo ndiyo inayotakiwa. Kama haipo, ni heri kujaribu kukizima na kulinganisha picha.

Mguu mmoja wa kuegemeza kamera huondoa sehemu kubwa ya mtikisiko wa juu na chini, na unahamishika haraka. Miguu mitatu yenye kichwa kinachozunguka ni thabiti zaidi, lakini humfunga mtu mahali pamoja na huvuta macho ya wapita njia.

Simu ina mtihani wake. Tundu la lenzi yake kwa kawaida halibaniki. Kwa tundu la f/1.8 na ISO 50, jua kali hulazimisha shata ya 1/4000 hivi, na ili kufika 1/60 mwanga unapaswa kupunguzwa mara 64. Ndiyo maana simu ileile inayoshindwa mchana hufanikiwa magharibi, mradi programu yake ya kamera inaruhusu kuchagua shata kwa mkono. Mwenye simu asikate tamaa, achague saa.

Mwili na ngazi za kujifunza

Ufundi huu uko kiunoni kuliko kidoleni. Miguu huelekezwa pale picha itakapopigwa, si kule gari linakotokea. Kisha kiuno hugeuzwa kulipokea gari, viwiko vikiwa vimebana mbavu, na mwili hujifungua taratibu kadiri gari linavyosogea. Kwa njia hiyo mgeuko huwa laini zaidi gari linapokuwa mbele kabisa, wakati ambao picha ina thamani. Anayeelekeza miguu gari linakotokea hukwama kiuno katikati ya safari.

Macho hushika alama moja kwenye gari, mfano kioo cha dereva, na kuiweka mahali pamoja ndani ya fremu. Kidole hubonyeza kwa upole na kunasa mfululizo mfupi. Kosa linaloharibu picha nyingi kuliko yote ni kusimamisha kamera pale shata inapolia. Mgeni bado yuko njiani, naye mwenyeji amekwisha geuka kurudi ndani.

Kwa ulengaji kuna njia mbili. Kamera za kisasa hufuatilia gari zenyewe, na hilo ni jema mradi pasiwe na vumbi au watu wanaokatiza mbele. Njia ya kale ni kulenga mapema doa fulani la lami na kupiga gari linapolikanyaga. Ni ya kuaminika kwa barabara iliyonyooka, na njia za mji huu, uliopangwa tangu 1910 kwa mistari ya miraba, zimenyooka kwa wingi.

Ngazi nazo zifuatwe. Gari la kilomita 60 lianziwe kwa 1/125 mpaka picha safi ziwe za kawaida, kisha 1/60, kisha 1/30. Anayeanzia chini hajui amekosea mgeuko, ulengaji au mwanga, kwa kuwa ukungu wa makosa yote matatu unafanana. Anayeshuka ngazi kwa ngazi huliona kosa linapoingia.

Usalama na macho ya watu

Kipimo cha sentimita 28 kina fundisho kubwa kuliko picha. Hisia ya kasi hutengenezwa na shata. Msafara wa arusi unaokwenda kilomita 30 kwa saa, ukipigwa kwa 1/30, unatoa mchirizi uleule wa gari la mashindano. Hivyo hakuna sababu ya mpiga picha kumwomba dereva akanyage mafuta, wala ya kuning'inia dirishani kwenye gari linalokimbia sambamba na la bibi arusi. Picha yoyote inayohitaji mtu mwingine ahatarishe maisha yake barabarani imeshindwa kabla haijapigwa.

Mahali pa kusimama pachaguliwe kwa hofu. Upande wa nje wa kona ndiko gari linaloshindwa kona hutupwa, na mtu aliyezamisha jicho kwenye kamera haoni kinachomjia mgongoni. Mwenzi mmoja wa kutazama barabara ana thamani kuliko lenzi mpya.

Kuna pia macho ya dola. Nchini Kongo, kamera karibu na kambi za jeshi, majengo ya serikali, uwanja wa ndege au mpaka huleta maswali mazito, na kitendo cha kusindikiza magari kwa lenzi ndefu, mtazamo ukihama nayo moja baada ya jingine, kwa mlinzi hufanana sana na upelelezi. Kujitambulisha mapema na kuwaeleza watu wa mtaa unachokifanya kunalinda kazi. Ukiambiwa uondoke, ondoka. Barabara zilizonyooka ziko nyingi.

Muhtasari

Hakuna namba moja ya shata iliyo sahihi. Kugandisha kunafaa pale ushahidi unapotakiwa, namba za kati zinafaa pale gari linapopita mara moja tu, namba za chini zinafaa kwa mwenye muda na subira, na programu inavumilika katika mapambo pekee. Kwa mwanafunzi wa Lubumbashi mizani inaelemea upande wa kusindikiza kwa ngazi: namba ya shata ilingane na kilomita za gari, ipandishwe kwa vyombo vifupi, ishushwe kwa malori, na saa ya kutoka ichaguliwe kwa kutazama jua.

Kosa kubwa katika mkanganyiko huu ni kuazima namba na kuiacha barabara yake nyuma. Picha mbovu za siku ya kwanza hazikutokana na kamera duni. Zilitokana na kumsindikiza mgeni kwa mwendo wa mtu mwingine. Anayejifunza kuupima mwendo wa mgeni wake, hata akiwa na kamera ya mkono wa pili kando ya barabara ya Kasenga, ana kila kinachohitajika ili picha za Lubumbashi nazo zianze kutembea.